Mzungu wa Usongo: Anayetafuta ukoo wa njia ya misafara aanzie kwa mama

UKITOKA Tabora mjini kwa barabara ya Nzega, baada ya kilometa 56 hivi unafika Puge. Hata lami ilipojengwa katika miaka ya 2010, kazi iligawanywa hapo hapo. Kipande kimoja kilikuwa cha Tabora hadi Puge, kilometa 56.1, na kingine cha Puge hadi Nzega, kilometa 58.8. Leo lori lililosheheni mpunga au karanga linaweza kutoka hapo asubuhi na mchana likawa limeshashusha mzigo.

Miaka 140 iliyopita mzigo huo ungepanda kichwani na begani mwa mtu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba takribani frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mkulima akipiga hesabu ataona kwamba shehena ya lori la tani 7 ingehitaji wapagazi zaidi ya 200, bila kuwahesabu waliobeba mahema, masufuria na chakula cha safari.

Njia hiyo haikupitisha bidhaa peke yake, ilipitisha watu pia, na baadhi yao walioa na kuzaa. Ndiyo maana katika vijiji vya ukanda huu si ajabu kumkuta mkulima ambaye nyumbani kwao inasemwa kuwa mmoja wa mababu alikuwa mgeni. Huyo atakuwa Mwarabu aliyetoka Muscat, Mmanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mswahili wa pwani, au Mzungu.

Anayetaka kujua ukweli wa habari kama hiyo ana maswali mawili. La kwanza ni la heshima: mimi ni wa nani? La pili mara nyingi halisemwi kwa sauti: je, kuna chochote kilichobaki? Historia ya mfanyabiashara mmoja wa Ulaya aliyeweka makazi yake jirani na Puge inajibu yote mawili.

Waskoti wawili, Mwairishi mmoja

Wazungu wa kwanza wanaokumbukwa sana Unyanyembe walikuwa Waskoti. Dk. David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, mwaka 1872. Alifika na Henry Morton Stanley mwezi Februari, Stanley akarudi pwani Machi, naye akabaki akisubiri wapagazi wapya hadi Agosti 25. Wapagazi walipofika, akaondoka kwenda kusini na hakurudi tena. Tembe alimoishi sasa ni makumbusho.

Mskoti wa pili ni Alexander Mackay, fundi na mmisionari wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS. Alizaliwa mwaka 1849 katika mkoa wa Aberdeen, akafanya kazi Buganda, akafariki Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, Februari 1890. Mackay hakuoa, na watoto wa Livingstone walizaliwa na mkewe Mary Moffat, mbali kabisa na Unyanyembe.

Aliyefanya ukoo na Wanyamwezi alikuwa wa tatu, naye hakuwa Mskoti bali Mwairishi. Huyo ni Charles Henry Stokes, mzaliwa wa Dublin wa mwaka 1852. Alikuja Zanzibar mwaka 1878 akiwa mmisionari asiye padri wa CMS. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa na kuongoza misafara iliyopeleka watu na vifaa vya misheni bara, na kazi hiyo aliimudu kuliko wenzake wote. Alijua kuajiri wapagazi, kuwalisha na kuwafikisha.

Januari 1883 alimuoa Ellen Sherratt, mmisionari mwenzake, katika kanisa kuu la Kianglikana la Zanzibar. Machi 1884 Ellen alijifungua binti, na wiki moja baadaye akafariki. Binti huyo alipewa jina la mama yake, Ellen.

Ndoa iliyokuwa pia mtaji

Baada ya hapo Stokes alimuoa Limi, binti wa Kinyamwezi aliyekuwa ndugu wa Mtinginya, mtemi wa Usongo, kaskazini mwa Tabora katika ukanda wa Nzega. Jina Limi maana yake ni jua, na hadi leo wasichana wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma wanaitwa hivyo.

Wenzake wa misheni hawakufurahishwa na ndoa hiyo, wala na biashara yake ya pembe za ndovu. Katikati ya miaka ya 1880 uhusiano wake na CMS ulivunjika. Kuanzia hapo akawa mfanyabiashara kamili, na makazi yake makuu yakawa Usongo.

Kwa macho ya mchumi, ndoa hiyo ilikuwa pia ushirika wa kibiashara. Stokes alikuwa na nguo, shanga, waya, bunduki na baruti, pamoja na watu wa kumkopesha huko pwani. Asichokuwa nacho ni kile ambacho bila hicho bidhaa haziendi popote, yaani watu wa kubeba na njia yenye usalama. Vyote viwili vilikuwa mikononi mwa mtemi.

Mtinginya naye alikuwa na watu, chakula na askari, lakini alihitaji bidhaa na silaha zisizopitia kwa washindani wake wa Tabora. Kila upande ulileta kile ambacho mwenzake hakuwa nacho, na aliyefunga mkataba huo ni Limi. Mchango wake haukuandikwa katika daftari la mtaji, ingawa bila nyumba yake misafara ya Stokes isingepata wapagazi kwa urahisi ule.

Walioingia katika misafara hiyo walikuwa wakulima. Kiangazi walikwenda pwani, mvua zikikaribia walitamani kuwa nyumbani kulima. Nguo waliyolipwa iligeuka majembe, mbuzi, ng'ombe na mahari. Kwa hiyo hata familia ya Puge isiyo na mgeni katika ukoo wake huenda ilianza kupata mifugo kwa mshahara wa msafara.

Mtaji uliotembea na mwenyewe

Biashara ya Stokes ilipanda haraka. Mwaka 1889 alimsaidia Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyekuwa amepinduliwa, kurudi kwenye kiti chake. Mwaka 1890 aliingia katika utumishi wa Wajerumani na kuwasaidia kufunga mikataba na watemi wa Unyamwezi. Mtinginya alikuwa upande wa Wajerumani wakati Isike wa Unyanyembe alipopambana nao hadi kufa Januari 1893.

Kisha Stokes akavuka kuingia Kongo kutafuta pembe. Eneo hilo lilikuwa chini ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, iliyokuwa vitani na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili. Askari wa Leopold walimkamata kwa tuhuma za kuwauzia maadui wao bunduki.

Alifikishwa mbele ya Kapteni Hubert Lothaire, akasomewa mashitaka kwa haraka, na Januari 1895 akanyongwa katika kituo cha Lindi. Hii ni Lindi ya mashariki mwa Kongo, si mji wa kusini mwa Tanzania. Hakupewa nafasi ya kukata rufaa Boma, ingawa akiwa raia asiye askari alikuwa na haki hiyo.

Habari zilipofika Ulaya zilizua mzozo mkubwa. Uingereza ilidai kwa kuwa Stokes alikuwa raia wake, na Ujerumani ilidai kwa kuwa msafara ulitoka katika koloni lake. Dola ya Kongo ililipa faranga 150,000 kwa Uingereza na faranga 100,000 kwa Ujerumani. Lothaire alishitakiwa Boma na baadaye Brussels mwaka 1896, na kote aliachiwa.

Hapo mfanyabiashara mdogo ana la kujifunza. Katika hesabu ile ya faranga 250,000, waliotajwa kuwa wapokeaji ni serikali mbili. Usongo, mahali palipotoa wapagazi na mke, haikuwa upande wa shauri. Biashara iliyobebwa na mtu mmoja ilikufa naye njiani, na wenza wake wa nyumbani hawakuwa na karatasi ya kuwaingiza katika madai.

Mtoto ni wa nani?

Stokes alikuwa na zaidi ya mke mmoja wa Kiafrika. Kwa mwanamke aitwaye Nanjala alipata mtoto wa kiume, Charles Kasaja Stokes. Katika tawi hilo jina la Dublin liliendelea, kwa hiyo mwenye kulifuatilia anashika jina la baba na kusonga nalo.

Unyamwezini mambo huwa tofauti, na hapa ndipo watafutaji wengi wanapopotea. Kwa desturi ya Kinyamwezi na Kisukuma, kilichoamua mtoto ni wa ukoo gani ni mahari. Mahari ikitolewa, watoto huhesabiwa upande wa baba. Isipotolewa, hubaki kwa wajomba zao na kurithi huko huko, isipokuwa baba awakomboe kwa malipo.

Sasa mfikirie mgeni aliyepita na msafara, akazaa na binti wa kijiji, akaondoka au akafa. Mara nyingi mtoto huyo alipewa jina la Kinyamwezi, akalelewa na babu mzaa mama, akalima shamba la wajomba. Baada ya vizazi viwili hakuna jina la kigeni lililobaki, wala hakuna aliyelificha. Alihesabiwa pale alipolelewa.

Kwa hiyo anayeanza kwa kutafuta jina la kizungu katika orodha za Ulaya anaanzia mwisho. Aanze kwa bibi: aliitwa nani, alizaliwa kwa mtemi au mnyampara gani, wajomba zake walizikwa wapi, ng'ombe wa mahari walitoka wapi na walikwenda wapi. Wazee wengi husahau mwaka, lakini ng'ombe hawawasahau.

Pa kutafuta hapa nyumbani

Baada ya wazee, hatua ya pili ni makanisa. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama Mapadri Weupe, walifika Unyamwezi karne ya 19, na misheni ya Ndala, jirani na Puge, ni miongoni mwa misheni zao za zamani. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya Kanisa Katoliki huandika jina la mtoto, wazazi na msimamizi wa ubatizo. Kwa Urambo, Wamoraviani walichukua kazi mwaka 1898 kutoka kwa misheni ya London iliyowatangulia.

Anayekwenda parokiani aende na taarifa kamili: jina la ubatizo, jina la nyumbani, kijiji na makisio ya mwaka. Kumwambia karani "namtafuta babu yangu" bila zaidi ya hapo ni kumpa kazi ya mwezi mzima.

Hatua ya tatu ni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambako kuna majalada ya Wajerumani na ya Waingereza. Vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza vina orodha za watemi na koo zao hadi mfumo wa utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963. Nyaraka za Zanzibar nazo zina barua za ubalozi wa Uingereza, ambako mambo mengi ya misafara yalipitia kabla ya ukoloni.

Makaratasi ya Ulaya nayo yana mashimo

Wapo wanaodhani kwamba upande wa Mzungu kila kitu kimeandikwa. Si hivyo. Ireland ilianza kuandikisha vizazi vyote kiserikali mwaka 1864. Stokes alizaliwa 1852, kwa hiyo hana cheti cha serikali cha kuzaliwa, na wa kumtafuta hulazimika kwenda kwenye vitabu vya kanisa. Mbaya zaidi, Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Dublin, jengo la hifadhi ya nyaraka liliungua, na vitabu vingi vya kanisa la Kianglikana vilivyokuwa humo viliteketea.

Aliye na babu Mskoti ana nafuu kidogo. Uskoti ilianza uandikishaji wa kiserikali mwaka 1855, na vyeti vyake vya kuzaliwa huandika pia jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Hilo jina moja la ziada linaweza kuwatenganisha watu kumi wanaoitwa jina lile lile. Lakini Mackay wa mwaka 1849 alizaliwa kabla ya hapo, kwa hiyo naye ni wa kutafutwa katika vitabu vya kanisa.

Barua na ripoti za CMS zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na mafaili ya mzozo wa mwaka 1895 yako katika hifadhi ya taifa jijini London. Aidha, mwaka 1972 ulichapishwa wasifu wa Stokes ulioandikwa na Anne Luck, na kitabu hicho kilitolewa Nairobi. Mwenye nia aanze na kitabu katika maktaba kabla ya kufikiria safari au barua za ng'ambo.

Kuhusu vipimo vya vinasaba, vinaweza kuonyesha kwamba watu wawili wana undugu na kwa ukaribu gani. Haviwezi kusema mababu waliishi vipi, wala havimpi mtu shamba.

Je, kuna mali?

Jibu fupi ni kwamba asiuze gunia hata moja la mpunga kwa kutafuta urithi wa aina hiyo. Fidia ya Stokes ilikuwa suala la serikali na serikali, na ililipwa zaidi ya karne moja iliyopita. Mtu akija na fomu na kuomba ada ili akufuatilie "hela za babu Ulaya", mwambie aonyeshe jalada la mahakama, namba yake na jina la mwenye mali. Akikosa hayo, ada yako ndiyo mali anayoifuatilia.

Kwa upande wa ardhi, sheria iko wazi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji chini ya utaratibu maalumu. Haki ya mkulima wa Puge haitokani na babu aliyevuka bahari, bali na uraia wake na matumizi yake ya ardhi, na hutambuliwa na kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inaruhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuandikwa kwa jina la mtu mmoja, mume na mke, au familia. Mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi. Kwa maneno mengine, Limi wa leo anaweza kuandikwa.

Tena, madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12 mahakamani. Anayekaa miaka 20 akisimulia kwamba bonde fulani lilikuwa la babu huku mwingine akililima, asishangae mlango ukifungwa.

Andika kabla wazee hawajaondoka

Kazi ya kutafuta ukoo, basi, ina faida mbili za kawaida kabisa kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Ya kwanza ni kumaliza ugomvi kabla haujaanza. Familia inayojua nani alizaliwa na nani, na mahari ya nani ilitolewa, hufungua mirathi katika Mahakama ya Mwanzo bila kutukanana msibani.

Ya pili ni kujua mtaji wa familia ulitoka wapi, na kwa jasho la nani. Hayo yote yanaingia katika daftari moja la shule. Ukurasa wa kwanza uwe wa majina ya wazazi, babu na bibi wa pande zote mbili, na vijiji vyao. Wa pili uwe wa mashamba: mipaka, majirani, nani aliyesafisha pori na mwaka gani. Wa tatu uwe wa mifugo ya mahari iliyotoka na iliyoingia, pamoja na mashahidi.

Ukurasa wa nne uwe wa biashara: nani aliweka nini, na nani anadaiwa. Hapo lisikosekane jina la mke aliyetoa akiba yake ya karanga kununulia mashine ya kukoboa, wala la shemeji aliyetoa kiwanja. Daftari lisomwe mbele ya ndugu, wazee waweke sahihi au dole gumba, na nakala ikae kwa mtu mwingine. Vyeti vya vizazi na vifo vishughulikiwe kupitia RITA, na shamba lipelekwe kwenye halmashauri ya kijiji.

Stokes alikuwa hodari wa kuhesabu mizigo, na jina lake likaingia katika majalada ya London, Berlin na Brussels. Majalada hayo hayawezi kumwambia mjukuu wa Usongo shamba la bibi yake lilianzia mti gani na kuishia kijito gani. Hilo analijua mzee aliye kijijini, na njia ya kumfikia ni baiskeli tu.